Naambiwa tovuti ya maktaba iwe "minimali", yaani yenye vitu vichache tu. Nipunguze nini, nibakize nini?

MtunzaKurasa ameuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Ninasimamia tovuti ya maktaba ndogo ya umma. Ukurasa wa mwanzo umejaa kupita kiasi. Kwa miaka mingi kila idara iliyotaka jambo lake lionekane ililiongeza juu, na hakuna aliyewahi kuondoa kitu. Kuna menyu ya viungo ishirini na kitu, picha zinazojibadilisha zenyewe, matangazo ya warsha zilizokwisha pita, mpaka kihesabio cha wageni kule chini. Kwamba panahitaji kufyekwa, hilo halina ubishi.

Sasa kamati imeleta pendekezo la mbunifu. Picha moja inajaza skrini nzima, katikati kuna neno moja tu, "Karibu". Menyu yote imefichwa nyuma ya alama ya mistari mitatu ya kubofya, hata kwenye kompyuta ya mezani. Sehemu ya kutafuta vitabu imebaki alama ya kioo cha kukuzia bila neno lolote. Maandishi ni ya kijivu hafifu kwa fonti nyembamba. Saa za kufungua zimehamishiwa kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi".

Ukiitazama kwa mbali inapendeza kweli. Lakini tulipowaonyesha wasomaji wachache, mama mmoja mstaafu ambaye huja kila mara aliniuliza, "Mwanangu, kitabu natafutia wapi?" Kile kioo kilikuwa mbele yake, kona ya juu kulia. Kijana aliyekaa baada yake alibofya neno "Karibu" mara kadhaa akidhani ni kitufe.

Nikisema hapana, kamati itaniona napenda ya zamani. Nikisema ndiyo, najua simu za kuuliza "leo mnafunga saa ngapi" zitaongezeka. Naomba mnisaidie mambo mawili: mnatumia kigezo gani kuamua kitu kiondoke au kibaki, na nitawaelezaje wanakamati wasiojua kodi (maandishi ya programu za kompyuta) wala usanifu?

Nawasilisha.

Mweupe_Tupu amejibu:

Mkuu, kamati yako isikukatishe tamaa, nusu ya safari mmeshaifika kwa kukubali kufyeka. Anza na zile picha zinazojibadilisha. Mtu anaanza kusoma ya kwanza, ghafla imeondoka, na ya tatu na ya nne karibu hakuna anayezifikia. Warsha zilizopita, ondoa leo leo. Kihesabio cha wageni hakimsaidii msomaji yeyote. Ukimaliza hayo tu utashangaa ukurasa unavyopumua, hata kabla ya kugusa rangi.

FundiMkongwe amejibu:

MtunzaKurasa, nimejenga na kurekebisha tovuti nyingi za huduma za aina hii, na minimalizimu naipenda kwa dhati. Ndiyo maana naumia nikiona jina lake linatumika kuficha vitu ambavyo watu wamevifuata.

Kigezo changu ni hiki: ukiondoa kitu kwenye skrini, uliza ile kazi kilichokuwa kinaifanya imekwenda kwa nani. Larry Tesler, yule mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, na mmoja wa waliotuletea "kata, nakili, bandika", alikuwa na hoja kwamba kila programu ina kiasi cha ugumu ambacho hakiwezi kuondolewa. Kinachobaki ni kuamua nani aubebe, mtumiaji au mtengenezaji. Nikipewa mchoro mpya, naupima kwa hoja hiyo kabla sijatazama uzuri wake.

Chukua saa zenu za kufungua. Naamini zimeandikwa kwa namna hii: Jumatatu hadi Ijumaa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumamosi mwisho saa 6 mchana, Jumapili hakuna, sikukuu zina ratiba yake. Msomaji akifika hapo anafanya hesabu: leo ni siku gani, ni sikukuu au siyo, sasa ni saa ngapi, nikitoka hapa nitawakuta? Mbunifu wenu amelitazama jedwali hilo akaona ni vurugu, akalipeleka kwenye ukurasa mwingine. Hesabu bado iko palepale kichwani mwa msomaji, na sasa ana kazi ya ziada ya kuitafuta.

Mimi ningeweka juu kabisa sentensi moja: "Leo tuko wazi hadi saa 11 jioni." Jumatatu ikiwa sikukuu, sentensi inabadilika yenyewe: "Leo tumefunga. Tutafungua Jumanne saa 2 asubuhi." Pembeni kiungo cha "Saa zote" kwa anayepanga wiki nzima. Hapo jedwali limeondoka kwenye ukurasa wa mwanzo kwa haki, maana hesabu sasa inafanywa na seva, kompyuta inayoendesha tovuti. Kuna mtu lazima aijaze kalenda ya sikukuu, lakini huyo ni mtu mmoja wa kwenu, mara moja kwa mwaka.

Mfano mwingine uko kwenye fomu ya kuhuisha kadi. Tovuti nyingi humkatalia mtu kwa sababu ameandika namba ya kadi akiacha nafasi kati ya tarakimu, jinsi ilivyochapishwa kwenye kadi yenyewe! Halafu chini ya kisanduku wanaweka maelezo ya mistari miwili kwa herufi nyekundu: andika bila nafasi, bila vistari. Programu inaweza kuziondoa hizo nafasi yenyewe kwa mstari mmoja wa kodi. Ukiuandika, yale maelezo mekundu hayana kazi tena na unayafuta. Ukurasa umepungua na msomaji amepunguziwa. Ukipata mapunguzo ya namna hii, chukua yote.

Kuhusu kamati: naamini watakutajia Google. Kila kamati humtaja. Ni kweli kwamba mwaka 1998 ukurasa wao ulikuwa mweupe na kisanduku kimoja, wakati Yahoo walikuwa wamejaza orodha za mada kutoka juu hadi chini. Lakini waulize, yule anayefika pale amekwenda kufanya nini? Kutafuta. Na kitu cha kutafutia kiko wapi? Katikati, kikubwa, wazi, tayari kuandikiwa. Google hawakukificha kile kisanduku nyuma ya alama. Walifuta vingine vyote ili chenyewe kionekane. Pendekezo la mbunifu wenu limefanya kinyume: limebakiza "Karibu", likakificha kisanduku.

Maktaba ina kazi zaidi ya moja, ila si ishirini. Kutafuta kitabu, kujua saa, kuhuisha ulichoazima, kujua kuna shughuli gani, na kuwasiliana na mtu. Hizo tano zinaweza kukaa wazi kwenye kompyuta ya mezani bila kusongamana, kila moja na neno lake. Ile mistari mitatu ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star iliyotoka mwaka 1981, ikaja kuenea sana kwenye simu kwa sababu upana wa skrini ni haba. Kwenye skrini ya mezani upana upo tele, huna sababu ya kubana. Mwaka 2016 Nielsen Norman Group, kampuni inayochunguza jinsi watu wanavyotumia tovuti, walitoa matokeo ya majaribio yao kuhusu menyu zilizofichwa: watu huzitumia kwa nadra kuliko zilizo wazi, na huchelewa kumaliza walichojia. Kwenye kompyuta athari ilikuwa mbaya kuliko kwenye simu. Hilo waonyeshe kamati, ni lugha wanayoielewa.

Na hata kwenye simu, kisanduku cha kutafutia kiache wazi. Yule mama mstaafu hakukosea chochote. Alitafuta mahali pa kuandika na mahali pa kuandika hapakuwepo.

NasomaKwaSikio amejibu:

Naomba niongeze upande ambao husahaulika. Mimi sioni, natumia programu inayonisomea skrini. Kwangu picha kubwa au nafasi nyeupe hazina maana, ila minimalizimu inanigusa sana, kwa uzuri na kwa ubaya.

Ubaya wake ni huu. Mbunifu akibakiza alama bila maneno, na mjenzi asipoweka jina kwenye kodi, mimi nasikia "kitufe". Nasogea, "kitufe". Nasogea tena, "kitufe". Nyie mnaona kioo, moyo na kengele. Mimi nina vitufe vitatu visivyo na jina, na njia pekee ya kuvijua ni kuvibonyeza kimoja kimoja nione kitatokea nini. Kwenye tovuti ya kuhuisha kadi sitaki kubonyeza kitu nisichokijua.

Tatizo lingine ni vichwa vya habari. Sisi hatusomi ukurasa kuanzia juu hadi chini. Nabonyeza herufi moja kwenye kibodi, naruka kutoka kichwa hadi kichwa mpaka nifike ninapopataka. Wabunifu wengine huona vichwa kama "Vitabu vipya" au "Shughuli za wiki" vinachafua, wanavifuta, wanategemea mpangilio wa picha ueleze wenyewe. Kwangu ukurasa mzima unakuwa mfululizo mmoja usio na mahali pa kushika. Kama hamtaki vionekane, vinaweza kufichwa kwa macho vikabaki kwa sisi tunaosikiliza, mwambie mjenzi wako anajua. Ingawa mimi naamini hata mwenye macho anavihitaji.

Halafu kuna kufupisha maandishi ya viungo. Shughuli sita, chini ya kila moja neno "Zaidi". Nikiomba orodha ya viungo nasomewa: zaidi, zaidi, zaidi. Kufanya jina la shughuli lenyewe kuwa kiungo ni kupunguza pia, maana "Zaidi" zote sita zinaondoka, na mimi naelewa ninakokwenda.

Uzuri wake? Tovuti iliyofyekwa kwa akili ndiyo bora kuliko zote kwangu. Viungo ishirini vya menyu ni viungo ishirini vya kusikiliza. Vikiwa vitano nashukuru mno. Kwa hiyo endelea kufyeka, mkuu, ila kila kinachobaki kiwe na jina.

Mstari_wa_66 amejibu:

Mimi naona huyo mbunifu mmemshukia kidogo. Kwenye menyu na kisanduku mko sahihi, sitetei. Lakini nafasi tupu aliyoiweka ina faida yake, na nahofia kamati ikisikia malalamiko itairudisha tovuti kwenye msongamano wa zamani.

Rudini kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, ule wa Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, mwaka 1991. Ni maandishi na viungo basi, hakuna picha, hakuna rangi ya ziada. Kwa vitu vilivyomo ni minimali kuliko chochote tunachojenga leo, na bado unafunguka kwenye kivinjari chochote. Lakini ufungueni kwenye skrini pana: mistari inatoka ukingo hadi ukingo, na jicho likifika mwisho wa mstari linahangaika kutafuta mwanzo wa unaofuata. Kuwa na vitu vichache peke yake hakukupi usomaji mzuri. Waandaaji wa vitabu kwa muda mrefu wamependelea mstari wenye herufi kati ya 45 na 75, na 66 mara nyingi hutajwa kama kipimo kizuri. Ukiweka mipaka hiyo kwenye skrini ya mezani, lazima pande zote mbili zibaki tupu. Hiyo nafasi tupu ina kazi.

Januari 2023 Wikipedia ya Kiingereza ilipobadilisha mwonekano na kuweka kikomo cha upana wa maandishi, wasomaji wengi walilalamika kwamba skrini zao sasa zimejaa weupe usio na faida. Kitufe cha kupanua kipo kwa anayetaka. Mimi niliubakiza mwonekano mpya siku ileile, na makala ndefu nazimaliza bila macho kuuma.

Kwenye rangi hapo ndipo namlaumu mbunifu. Kijivu hafifu juu ya nyeupe ni ugonjwa wa mtindo huu. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unaotolewa na shirika la viwango vya wavuti W3C, unataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Kijivu cha #999999 (ndivyo rangi inavyoandikwa kwenye kodi) juu ya nyeupe kinapata kama 2.8, kimefeli hata kwa maandishi makubwa. #767676 kinapita kwa shida, 4.54. Ningekushauri ushuke hadi #595959, hapo unafikia 7 kwa 1, na bado ni kijivu, bado kimetulia, hakuna atakayesema umeharibu mwonekano. Na fonti nyembamba iachwe kwa vichwa vikubwa peke yake. Kwenye maandishi ya aya hufifia hata kama namba za rangi zimepita.

FundiMkongwe amejibu:

Mstari_wa_66, kwenye nafasi tupu tuko pamoja, na hizo namba za kijivu MtunzaKurasa azipeleke kamati kama zilivyo. Ni hoja isiyohitaji mtu kukubali ladha ya mwingine.

Niongeze jambo moja ambalo macho hayalioni kabisa, uzito. Ukurasa wenye neno "Karibu" na picha moja unaweza kuwa mzito kuliko ule wa zamani wenye viungo ishirini. Picha ikitoka moja kwa moja kwenye kamera inaweza kuwa megabaiti 4 au 5. Fonti ya pekee mara nyingi huja na faili tofauti kwa kila unene, na mbunifu akitumia nyembamba, ya kawaida na nene, ni faili tatu. Juu yake kuna mkusanyiko wa kodi za JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, kwa ajili ya menyu kufunguka kwa madoido. Msomaji mwenye simu ya zamani na mtandao dhaifu anakaa akitazama weupe ambao haukupangwa na mtu.

Kabla ya kikao, fungua pendekezo hilo kwenye kivinjari, ingia kwenye zana za wasanidi, sehemu ya mtandao, upakie upya ukurasa, usome jumla chini. Fanya vivyo hivyo kwa ukurasa wenu wa sasa. Weka namba hizo mbili mbele ya kamati. Picha, kama lazima ibaki, ipunguzwe hadi upana wa pikseli 1600 hivi, ihifadhiwe kwa WebP, aina nyepesi ya faili ya picha, na mara nyingi itashuka chini ya kilobaiti 300. Fonti, tumia zilizomo tayari kwenye kifaa cha msomaji, hapo hakuna cha kupakua. Menyu ya viungo vitano vilivyo wazi haihitaji JavaScript yoyote.

Na mkague jambo hili: wabunifu wa mtindo huu hupenda kufuta ule mstari unaozunguka kiungo mtu anapotembea kwa kibodi, kwa sababu wanauona unachafua. Mtu asiyeweza kutumia kipanya akifika hapo hajui yuko wapi. Usikubali ufutwe. Ubadilishwe rangi ukipenda.

MtunzaKurasa amejibu:

Nawashukuru sana, na wewe NasomaKwaSikio hasa, maana hilo la "kitufe, kitufe" halikuwa kwenye mawazo ya mtu yeyote kikaoni.

Nimeanza kuchora: juu sentensi ya leo tuko wazi mpaka saa ngapi, chini yake kisanduku cha kutafuta vitabu chenye neno "Tafuta" kwenye kitufe, kisha viungo vitano kwa maneno. Picha imebaki, ndogo, pembeni. Nimepima pia: pendekezo la mbunifu ni zito zaidi ya mara tatu kuliko ukurasa wetu wa sasa, na hilo sikulitarajia.

Kilichobaki ni idara. Kila mmoja ataniambia jambo lake lazima liwe mwanzoni. Watoto wanataka, hifadhi ya nyaraka wanataka, wafadhili wanataka. Nikianza kukataa kwa maoni yangu nitagombana na watu ninaokula nao mchana.

FundiMkongwe amejibu:

Usikatae kwa maoni yako. Chukua vitu viwili ambavyo tayari mnavyo. Kwanza, maneno ambayo wasomaji wameyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia kwa miezi michache iliyopita. Pili, waombe wanaokaa mapokezi waandike kila swali wanaloulizwa, kwa simu na ana kwa ana, kwa wiki mbili. Bandika orodha hizo ukutani siku ya kikao. Idara ambayo jambo lake linaulizwa sana itapata nafasi yake bila ugomvi, na lisiloulizwa litaonekana na wote. Hifadhi ya nyaraka, kwa mfano, mara nyingi wageni wake wanajua wanachokitafuta na watafika kwa kisanduku cha kutafutia. Kuwatoa mwanzoni si kuwatupa.

Kwa matangazo, weka sharti kwenye mfumo wenyewe: hakuna tangazo linalokubali kuhifadhiwa bila tarehe ya kuondoka. Tarehe ikifika, linashuka lenyewe na kuingia kwenye kumbukumbu. Nafasi mwanzoni ziwe tatu, la nne likiingia lile la zamani linashuka. Sharti hilo ulipitishe kabla tovuti mpya haijafunguliwa, wakati kila mtu bado anafurahia weupe. Ukisubiri hadi idara ya kwanza ilete bango lake, utakuwa unamkatalia mtu mwenye jina, na hapo inakuwa vigumu.

NasomaKwaSikio amejibu:

MtunzaKurasa, rasimu ikiwa tayari iweke mahali tunapoweza kuifungua. Nitaipitia kwa kibodi na programu yangu nikuandikie kila kitu nilichosikia, kuanzia juu hadi chini.